Mjukuu Wangu Ameosha Tableti

Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndipo dhiki yetu ilipoanza. Mpaka mwaka ule mimi nilikuwa mtoto wa Chovai, kisiwa chetu Wabajuni huko Somalia, mtoto wa chuo cha Kurani, na duniani nilikuwa nikiogopa jambo moja tu: kukaa mbele ya Maalim Shee, nimempa ubao wangu, naye akanyamaza akinisikiliza.

Nyinyi wa rika langu, mliosoma chuo visiwani, Chovai, Kudhaa, Fuma, na hata nyinyi wa Kismayu mjini mliokuwa mkijiona wastaarabu kuliko sisi, mnajua ninasema nini. Hawa wengine hawajui. Ndiyo maana naandika, na naandika nimekasirika. Mjukuu wangu Swabra, mtoto wa darasa la tatu, shule yake hapa Mombasa ilimrudisha nyumbani na kutuambia kwamba huenda nafasi yake akapewa mwingine. Na kila mtu, kuanzia binti yangu mpaka jirani yangu muuza viazi, aliniambia kosa ni langu mimi na mambo yangu ya kizamani. Haya. Nisikilizwe na mimi.

Enzi zetu ubao ulikuwa wa mti. Wangu alinichongea baba kwa kipande cha mbao kilichobaki alipotengeneza mlango, akautoboa tundu juu ili utundikwe ukutani. Wino tulijitengenezea: masizi ya chini ya chungu, gundi ya mgunga, maji kidogo, unakoroga mpaka vidole vinakuwa vyeusi na mama anakufukuza jikoni usije ukaushika mkate wa mofa. Kalamu ni ya mwanzi. Maalim anakuandikia juu, wewe unafuatisha chini, halafu unakaa na somo lako. Hakuna cha picha, hakuna cha muziki. Sauti zetu zilikuwa zinasikika mpaka ufukweni, kila mmoja na aya yake, na Maalim Shee kwa miujiza yake anajua ni nani aliyekosea kule nyuma.

Na sheria ilikuwa hii: ubao hauoshwi mpaka usikilizwe. Unakwenda mbele, unampa Maalim ubao, yeye anautazama, wewe unasoma kwa moyo. Maalim Shee alikuwa mtu wa tambuu. Alitafuna tangu asubuhi mpaka adhuhuri, shavu moja limejaa, midomo myekundu. Lakini ukikaa mbele yake usome, taya lile linasimama. Linasimama kabisa. Wallahi hakuna kitu kilichonitisha maishani kama lile taya kusimama, na mimi nimeona bunduki. Ukipita, anasema neno moja tu, "Osha," kisha anaendelea kutafuna. Ukikwama, ubao unarudi nao vilevile. Kesho unakuja nao, keshokutwa unakuja nao, wino unafifia, wenzako wameshapewa somo jipya, na wewe una lilelile, kila mtu analiona.

Aliyeambiwa aoshe alikuwa akikimbia kisimani kama amepewa nguo za Idi. Unasugua kwa makumbi ya nazi, unausimamisha ubao juani. Na yale maji humwagi ovyo, maana ni maneno ya Mungu yale. Unayamwaga polepole pembeni ya ukuta, mahali ambapo mguu wa mtu haupiti.

Wajanja walikuwepo. Mimi siku moja nilitaka kujiendea kisimani na somo sijalijua, mama akaniona. Alinipigia kelele kwa Kibajuni chetu, majirani wote wakatoka: "Wee Zuhura! Mchu asoyua haoshi! Rudi!" Yaani kama hujajua, usiguse maji. Nikarudi. Nyinyi wa leo mngesema mtoto amedhalilishwa.

Baada ya chuo, michezo. Mdako tulicheza kwa makombe ya pwani, unarusha moja juu, unakomba mengine shimoni, unadaka. Aliyekosea hesabu alichekwa mpaka jioni. Michezo mingine tulikuwa tukicheza huku tumesimama, tumeinama, tunakimbia, magoti yana mchanga na vidonda. Hawa wetu wa leo wanacheza wamekaa. Nikimwambia mjukuu, "Toka nje ucheze," ananiambia, "Bibi, nacheza." Nikimtazama amelala kifudifudi, kinachotembea ni kidole.

Basi mwaka ule serikali ikaanguka, wenye bunduki wakaingia Kismayu, na baadaye wakafika visiwani. Walichukua mashine za vyombo vya baharini, nyavu, dhahabu za wanawake, hata sufuria zenye wali ndani. Siku ya kuondoka tulijazana kwenye chombo mpaka watu wakawa wamesimama. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye somo langu kwa wiki nzima, sijasikilizwa likapita. Nikamwambia mama nauchukua ubao. Akaniambia, "Pahali pa ubao ni pahali pa mwana wa mchu," yaani ubao utachukua nafasi ya mtoto wa mtu. Kweli, nikapakatishwa mtoto wa jirani, akanikojolea mpaka tukaingia Kenya. Ubao ukabaki Chovai, umetundikwa ukutani, haujaoshwa.

Kambi yetu ilikuwa nje ya mji wa Mombasa. Matope, maturubai, unga wa mahindi ambao sisi watu wa samaki hatukujua tuufanye nini, na maharage yaliyopikwa kutwa yasiive. Maalim Shee naye alikuwa huko, amekonda, tambuu haipatikani, shavu limeingia ndani. Akafungua darasa chini ya turubai. Akatufundisha Kurani, na akaongeza herufi za kizungu na hesabu, kwa sababu alisema nchi hii ya watu tutadanganywa sokoni. Mbao zetu mpya zilikuwa vipande vya masanduku ya misaada, na kalamu zetu mkaa. Sisi watoto wa chuo tulianza kuandika kutoka kulia, tukagongana mikono na wale waliowahi kusoma skuli ya serikali, ikawa ugomvi kila siku.

Sasa wale wanaosema mimi sijui habari za kompyuta darasani, hapa ndipo pa kusoma vizuri. Kompyuta ya kwanza niliiona kambini, kabla hawa walimu wa leo hawajazaliwa. Alikuja bwana mmoja, mgeni, mpole kweli, na sanduku la kioo na jenereta. Akasema watoto watajifunza hesabu kwa mchezo. Likawashwa, akatokea chura wa kijani. Chini yake majani yameandikwa namba. Inaulizwa hesabu, unabonyeza, chura anarukia jani. Akipatia, kinapigwa kijimuziki. Akikosea, anatumbukia majini. Tulipanga foleni mpaka nje ya ua. Kila mtoto akabonyeza mara moja. Kisha petroli ikaisha, bwana akatupungia mkono, akaenda zake na chura wake.

Watoto wakalia. Maalim Shee akatutazama, akachukua kijiti, akachora miraba chini kwenye mchanga, akaandika namba ndani. Akasema, "Vyura ni nyinyi." Basi! Anauliza, "Tatu mara nne?" Unaruka mpaka kwenye kumi na mbili, na huruhusiwi kuruka mpaka uliseme jibu kwa sauti. Ukikosea unakaa pembeni, "majini", wenzako wanakurushia vumbi na kukuita chura wa Chovai. Na Maalim amesimama pale, hana hata tambuu ya kutafuna, lakini ukifika zamu yako unaliona taya lake limekaza. Anasikiliza. Mimi jedwali lote la kuzidisha nimelijua kwa miguu. Mpaka leo nikihesabu viti vya harusi, miguu yangu inacheza, wafanyakazi wangu wananicheka.

Kwa hiyo mtu asiniambie sipendi michezo shuleni. Mchezo ndio ulionifundisha.

Shule yenyewe sikuifikisha mbali. Kambi ilifungwa, mama akaugua, nikaenda kuosha vyombo kwenye harusi za watu. Nikaona wenye harusi kila wiki wanahangaika kuazima sufuria. Nikanunua moja kubwa ya biriani, nikaikodisha. Kisha ya pili. Sikufundishwa na mtu. Lakini hiyo ni habari nyingine, nimeshawachosha nayo wanangu.

Turudi kwa Swabra. Shule yake ilileta tableti. Mwalimu mkuu alituita wazazi akatuambia kwa Kiswahili cha redioni kwamba hivyo ni vishikwambi, na kwamba mtoto atajifunza kwa furaha na kwa kasi yake mwenyewe. Tukapiga makofi. Darasa la tableti lina nafasi chache, wengine wanasubiri, na Swabra alichaguliwa. Binti yangu Rehema, mama yake, alitembea mtaa mzima akitangaza.

Mtoto huyu mimi ndiye ninayekaa naye jioni, na hadithi za Chovai ananidai kama mtu anayedai haki yake. Nimemwambia habari ya wino, ya kisima, ya makumbi, ya maji yasiyomwagwa ovyo. Sikujua anaziweka wapi.

Siku hiyo akamaliza mchezo wake wa kuzidisha. Akapata nyota zote. Akatoka nje na tableti, akaenda bombani, akaisugua kwa sabuni ya kipande, mbele na nyuma. Mwalimu Saumu, binti mdogo tu anayewafundisha, alimkuta chini ya mwarobaini anamwaga maji ya povu polepole, pembeni kabisa, ambapo watoto hawapiti. Tableti imesimamishwa juani, imeegemezwa ukutani, imekufa.

Tukaitwa ofisini. Rehema njiani ananisihi, "Mama, nakuomba, leo usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme chochote."

Mwalimu mkuu akaanza. Mtoto ameharibu kifaa cha shule kwa makusudi. Kwa sabuni, mama, kwa sabuni! Nikamwambia nitanunua nyingine leo hii. Akasema si pesa, ni nidhamu, darasa lile linataka watoto wanaoaminika, na kuna wenzake wanasubiri nafasi. Rehema akaanza kulia. Mimi nikaona hapana, nikamgeukia Swabra mwenyewe.

"Kwa nini umeosha?"

"Nilimaliza, bibi. Umesema mtu akimaliza somo anaosha."

Kifua changu kikajaa, nawaambia kweli. Nikamtazama mwalimu mkuu kama niliyeshinda kesi. Nikasema, "Umesikia? Mtoto ana adabu kuliko mnavyodhani. Hakuna aliyemlazimisha, na maji amemwaga pahali pake." Kisha nikataka kuupigilia msumari. Nikamuuliza mtoto, "Waambie nani alikusikiliza."

"Tableti."

"Tableti ilikusikiliza?"

"Ndiyo. Ikanipigia makofi."

"Vizuri. Nisomee na mimi. Saba mara sita?"

Swabra akainua kidole. Akakipeleka hewani, hapa, akakirudisha, akakipeleka pale, anatafuta kitu ambacho hakipo. Nikarudia. Akaninong'oneza, "Bibi, huwa kuna samaki watatu. Nagusa huyu, akikataa nagusa yule. Wa mwisho hakatai."

Wallahi nilisahau niko ofisini kwa watu. "Hujui, na umeosha?" Sauti ilitoka ya mama yangu, ileile. "Hujui saba mara sita, na umekwenda kugusa maji? Nani amekuruhusu? Mwalimu mkuu, huyu mtoto ana kosa! Mwandikie! Lakini si hilo mlilosema. Sabuni si kosa. Kosa lake ameosha somo asilolijua!"

Rehema akaacha kulia, akashika kichwa. "Mama, si umekuja kumtetea?"

Mwalimu mkuu hakujua aandike nini. Nikamgeukia Mwalimu Saumu. "Na wewe binti, ulimsikiliza lini?"

Akanijibu kwa heshima lakini kwa ukali, na nilimpenda kwa hilo. "Bi Zuhura, nina watoto darasa zima na kelele za darasa la pili upande wa pili wa ukuta wa mabati. Tableti inaniambia nani amefika wapi. Bila hiyo nisingejua hata wanaolala."

"Na huyu ilikwambia amefika wapi?"

"Ilisema amefaulu." Kisha akaniinulia macho. "Na nyumbani, Bi Zuhura, huwa unamsikiliza wewe?"

Mimi kutwa niko harusini na masufuria, na jioni mtoto ndiye anayenisikiliza mimi.

Mwalimu mkuu akakohoa. Nadhani alitaka tu tutoke. Akasema Swabra abaki nyumbani mpaka awe tayari kumsomea Mwalimu Saumu majedwali yote ya kuzidisha mpaka la nane kwa mdomo, bila kitu mkononi. Akiweza, nafasi yake anarudishiwa. Asipoweza, apewe mwingine. Nikasema hiyo ndiyo hukumu niliyoifahamu tangu nizaliwe.

Basi nikasimamisha kazi. Wateja wanapiga simu, harusi inataka masinia, nawaambia subirini. Uani kwangu nikasogeza masufuria, nikachora miraba kwa mkaa sakafuni. Swabra akaniangalia kama nimepagawa. "Bibi, kifaa kiko wapi?" Nikamwambia ruka. Siku ya kwanza alilalamika miguu, alilalamika jua, aliuliza mbona hapati nyota. Nikamwambia kwetu hakuna nyota, kuna vumbi. Nilipokuwa nikimsikiliza huku najibu simu, alikuwa akinidanganya, anakazana kuruka na kumung'unya namba yoyote. Nilipoiweka simu chini na kumkazia macho, akaanza kusema kweli. Hilo nalo niliona kwa macho yangu, halikuniambia tableti wala mwalimu.

Tukarudi shule. Nilikaa nje kwenye benchi, nimetega sikio mlangoni. Alipofika jedwali la nane akakwama. Mwalimu Saumu hakumhurumia, akamwambia nenda, rudi kesho. Nilikasirika mpaka nikasonya njia nzima, halafu nikakumbuka nani alinilea, nikaacha. Kesho yake akarudi, akapita. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni na chai yake, akasema, "Aingie." Akaingia. Sasa anatumia tableti moja na mwenzake, wanaigombania, na sabuni imepigwa marufuku kwa maandishi makubwa juu ya bomba.

Saumu ananiambia siku hizi anajaribu kuwasikiliza watoto wachache kila asubuhi kabla hajawapa vifaa. Sijui, sijakwenda kuona. Makofi yale nayasikia bado nikipita dirishani, pa-pa-pa, kila mtoto anapigiwa, aliyejua na asiyejua. Yananiudhi. Na nyumbani nimejiletea balaa mwenyewe: Swabra kila jioni ananijia na somo lake, mimi mgongo unaniuma, miguu imevimba, ananisimamia mbele. "Bibi, weka simu. Unisikilize vizuri."

Enzi zetu hatukuwa na umeme, hatukuwa na madawati, kambini hatukuwa hata na ukuta. Mtu mzima mmoja alikuwa anaacha kutafuna kwa ajili yako. Leo mtoto ana kioo kinachong'aa, kinaimba, kinamwita kwa jina lake, na sisi watu wazima tumempa mgongo tukaenda kwenye vioo vyetu. Sisemi kivunjwe. Nasema nimechoka kuambiwa kwamba kinatosha.

Kwa wanaouliza Bi Zuhura wa Chovai ana nini leo, aliyekuja na nguo iliyokojolewa: nina nyumba ya vyumba vitatu Kisauni, ya mawe, hati yake iko kwa jina langu. Nina masufuria ya biriani yanayolisha harusi mbili kwa siku moja. Nina masinia, majamvi, viti vya plastiki na mahema. Nina mkokoteni na friji. Nina simu moja iliyopasuka kioo. Chovai sina kitu. Cheti cha shule sina hata kimoja. Nina mjukuu darasa la tatu, yuko jedwali la tisa.